Diski kwanza, kumbukumbu baadaye: Kukipa kipakatalishi kikongwe nguvu mpya

KIPAKATALISHI kinapofikisha umri wa miaka saba au minane, aghalabu huanza kulaumiwa kwa dhambi zisizokuwa zake. Mwenyewe hukiwasha, akaenda kunywa chai, na akirudi hukipata bado hakijawa tayari. Programu ya kuandikia hufunguka kwa kusuasua, kurasa za mtandao hukwama, na hatimaye uamuzi hufikiwa kwamba kimezeeka, sharti kinunuliwe kingine. Katika visa vingi uamuzi huo ni wa haraka mno. Prosesa iliyoundwa mwaka 2016 au 2018 bado ina nguvu za kutosha kwa kazi za ofisi, masomo na biashara ndogo. Kinachoichelewesha ni sehemu mbili ambazo katika mashine nyingi za miaka hiyo huweza kubadilishwa kwa bisibisi moja na saa moja ya utulivu: diski ya kuhifadhia data na kumbukumbu ya kufanyia kazi.

Suala hili lilipata uzito zaidi Oktoba 14, 2025, siku ambayo kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma zake za kawaida za kuilinda Windows 10. Windows 11 iliyoirithi hukubali rasmi tarakilishi zenye prosesa za Intel za kizazi cha 8 kwenda juu, isipokuwa chache, pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Mashine za mpakani hapo, zilizotoka kiwandani mwaka 2018 hivi, ndizo zinazopatikana kwa wingi miongoni mwa mitumba ya Ulaya inayouzwa madukani katika barabara za Luthuli na Moi jijini Nairobi. Mwenye mashine kama hiyo ana swali moja la kujibu: je, afungue au anunue nyingine?

Neno moja, vitu viwili

Kabla ya kushika bisibisi, ni muhimu kutenganisha mambo mawili ambayo lugha yenyewe imeyachanganya. Neno “kumbukumbu” hutumiwa ovyo, na wanahabari hawajasaidia, kwa sehemu ya kuhifadhia faili na pia kwa sehemu ya kufanyia kazi. Mteja akiambiwa kwamba mashine ina “kumbukumbu ya 500”, huenda akaondoka dukani akiamini amenunua kasi, kumbe amenunua nafasi tu.

Diski ni kabati la fundi cherehani: vitambaa vyote vimo humo, hata duka likifungwa usiku. Kumbukumbu, ile ambayo mafundi huiita RAM, ni meza yake: ni kile kinachoshonwa wakati huo pekee kinachowekwa juu yake, na umeme ukikatika meza hufagiliwa yote. Meza ikiwa ndogo, fundi hulazimika kurudisha kitambaa kabatini kila anapotaka kutandaza kingine. Tarakilishi hufanya vivyo hivyo. Kumbukumbu ikijaa, mfumo huhamishia sehemu ya kazi kwenye diski na kuirejesha inapohitajika.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Upungufu wa kumbukumbu hulipwa na diski. Diski ikiwa ya mwendo wa kobe, upungufu mdogo huwa adhabu kubwa. Mwenye fedha za kubadilisha kitu kimoja tu kwenye mashine iliyo na diski ya zamani inayozunguka, hana haja ya kuumiza kichwa. Abadilishe diski kwanza.

Diski ya zamani ina sahani zinazozunguka, kwa kawaida mara 5,400 kwa dakika katika vipakatalishi, na mkono unaopeperuka juu yake ukisoma alama za sumaku. Mzunguko mmoja huchukua takriban sehemu 11 za elfu moja za sekunde. Ukijumlisha muda wa mkono kuhama, diski hiyo haiwezi kusoma vipande vidogo vilivyotawanyika zaidi ya mara 100 hivi kwa sekunde. Nayo kazi ya kuwasha tarakilishi si nyingine ila kusoma maelfu ya vipande vilivyotawanyika. Diski ya SSD haina kitu kinachozunguka. Data yake hukaa ndani ya chipu za aina ya NAND, zao la utafiti ulioongozwa na mhandisi Mjapani Fujio Masuoka katika kampuni ya Toshiba miaka ya 1980, na huweza kusoma vipande kama hivyo makumi ya maelfu kwa sekunde. Ndiyo maana mashine iliyokuwa ikichukua dakika kadhaa kuwaka huweza kuwaka kwa sekunde 20 au 30 bila kuguswa kitu kingine chochote.

Kupima kabla ya kufungua

Mgonjwa hapasuliwi kabla ya kupimwa. Katika Windows, vidole vikibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, hufunguka programu ya Task Manager, na ndani yake mna ukurasa wa Performance. Mtumiaji afungue programu anazozitumia kila siku, kisha atazame. Diski ikisalia kwenye asilimia 100 kwa dakika nyingi ilhali kumbukumbu ina nafasi, mkosaji ni diski. Kumbukumbu ikipita asilimia 85 au 90 kila mara, hiyo nayo imekuwa finyu. Ukurasa huo huo huonyesha iwapo diski ni ya SSD au ya kuzunguka, na ni nafasi ngapi za kumbukumbu zilizotumika. Mathalani moja kati ya mbili. Ikiwa kipakatalishi tayari kina SSD na kumbukumbu haijai, basi ugonjwa uko kwingine, labda virusi, joto au vumbi katika feni, na kununua vipuri ni kutupa pesa.

Sauti nayo ni kipimo. Diski ya kuzunguka inayogonga “tik-tik” kwa mfululizo imo katika siku zake za mwisho. Hiyo haipaswi kufanyiwa majaribio ya aina yoyote kabla ya faili muhimu kutolewa.

Kisha kuna swali la iwapo mashine inaruhusu kubadilishwa. Si zote. Vipakatalishi vyembamba vya Apple viliongoza katika njia hii: MacBook Air ya mwaka 2008 ilikuja na kumbukumbu iliyolehemiwa kwenye ubao mkuu, MacBook Pro ya skrini ya Retina ikafuata 2012, na tangu kuja kwa chipu ya M1 mwaka 2020 kumbukumbu hufungwa pamoja na prosesa yenyewe. Watengenezaji wengine hawakubaki nyuma. Katika ukoo mmoja wa ThinkPad, T480 ya mwaka 2018 ina nafasi mbili za kumbukumbu zinazobadilishwa. Ndugu yake mwembamba T480s ana moja tu, nyingine ikiwa imelehemiwa. Na T490 iliyowarithi mwaka 2019 ikafuata mkondo huo wa moja. Tofauti ya herufi moja kwenye kibandiko huweza kuwa tofauti kati ya mashine inayoweza kukua na isiyoweza. Mnunuzi wa mitumba asisahau hilo anapovutiwa na wembamba.

Kununua kilicho sahihi

Kumbukumbu huja kwa vizazi visivyoingiliana. DDR3 ya vipakatalishi ina meno 204, DDR4 ina 260, na DDR5 ina 262, na mkato ulio ukingoni mwa kila kimoja huwekwa mahali tofauti ili kisiingie pasipo pake. Mtego uko ndani ya DDR3 yenyewe: ile ya kawaida hutumia volti 1.5 na ile yenye herufi L hutumia 1.35, zote zikiwa na umbo moja. Vipakatalishi vingi vya kuanzia mwaka 2013 vilivyoundwa kwa ajili ya DDR3L havitawaka kwa DDR3 ya kawaida. Njia salama ni kusoma kibandiko cha kipande kilichomo tayari, au mwongozo wa mtengenezaji wa modeli hiyo hasa.

Kuhusu kiasi, gigabaiti 8 zinatosha kwa barua, hesabu na kurasa chache za mtandao. 16 ndicho kiwango cha busara kwa mtu anayefungua kurasa nyingi na kuhudhuria mikutano ya video kwa wakati mmoja. 32 ni za wahariri wa video na watunzi wa programu. Vipande viwili vilivyo sawa hufanya kazi vizuri kuliko kimoja, kwani prosesa husoma kutoka kwa vyote sambamba. Tamaa ya kurundika inafaa kuzuiliwa, hasa kwa kuwa bei za kumbukumbu zilipanda kwa kasi kote duniani kuanzia mwishoni mwa mwaka 2025, viwanda vilipoelekeza chipu zao kwenye vituo vya data vya akili unde.

Upande wa diski, maumbo makuu ni mawili. La kwanza ni lile la inchi 2.5, linaloingia moja kwa moja pale ilipokaa diski ya kuzunguka. La pili ni M.2, kijibao chembamba kama kipande cha chingamu, ambacho kile cha kawaida huandikwa 2280, maana yake upana wa milimita 22 na urefu wa 80. Hapa wengi huteleza, kwani M.2 za SATA na za NVMe hufanana sana machoni, lakini nafasi nyingine hupokea aina moja tu. SATA husafirisha hadi megabaiti 550 hivi kwa sekunde, na NVMe hufikia maelfu. Hata hivyo, kwa mtumiaji wa kawaida mruko mkubwa ni ule wa kutoka diski ya kuzunguka hadi SSD yoyote. Kutoka SATA hadi NVMe hauhisiki sana katika kazi ya kuandika barua.

SSD za bei ya kutupwa zinazodai kubeba terabaiti 2 au hata 16 ni ulaghai unaojulikana. Ndani yake huwa mna chipu ndogo iliyofundishwa kudanganya ukubwa wake. Faili huonekana kuingia salama, kumbe zinaandikwa juu ya nyingine. Programu za bure kama H2testw na F3 huijaza diski yote kisha huisoma upya, na uongo hudhihirika. Jaribio hilo lifanywe diski ingali tupu, na ikiwezekana risiti ingali mfukoni.

Kisichouzwa dukani

Skrubu ikipotea hununuliwa nyingine. Hata ubao mkuu ukiungua, wa pili hupatikana kwa bei fulani. Tasnifu ya miaka mitatu, hesabu za duka, picha za mzazi aliyefariki, hizo haziuzwi Luthuli wala kwingineko. Hatari kubwa ya kufungua kipakatalishi si kukivunja. Ni kupoteza kilichomo, na mara nyingi hupotea mikononi mwa fundi mwema anayefuta diski kwa kuamini kwamba mteja ana nakala kwingine.

Kwa hivyo nakala hutangulia bisibisi. Faili zote za mtumiaji zinakiliwe kwenye diski ya nje, kisha chache zifunguliwe kutoka huko, kwenye tarakilishi nyingine ikiwezekana, ili kuthibitisha kwamba zinasomeka. Nakala isiyojaribiwa ni matumaini tu.

Jambo la pili ambalo wengi hulijua wakiwa wamechelewa ni kufuli la BitLocker. Vipakatalishi vingi vya Windows husimba data ya diski kwa siri bila mwenyewe kuambiwa kwa sauti kubwa, ufunguo ukiwa umefungamanishwa na chipu ya TPM ya mashine hiyo. Diski hiyo ikitolewa na kusomwa kupitia tarakilishi nyingine, itadai ufunguo wa dharura wenye tarakimu 48. Kwa kawaida ufunguo huo huhifadhiwa katika akaunti ya Microsoft ya mtumiaji, au ya aliyeiandaa mashine mara ya kwanza, ambaye huenda ni mwajiri wa zamani. Utafutwe na uandikwe karatasini kabla ya lolote, au usimbaji uzimwe kabisa na kuachwa umalizike.

Baada ya hapo kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuinakili diski nzima kama ilivyo, kwa kuiunganisha ile mpya kupitia kasha la USB na kutumia programu kama Clonezilla. Ya pili ni kuanza upya, kwa kuweka Windows safi na kurejesha faili peke yake. Ya kwanza huokoa muda, ya pili huondoa takataka za miaka mingi. Kwa mashine iliyopitia mikono mingi, ya pili ndiyo bora. Leseni ya Windows 10 au 11 iliyokwisha kuthibitishwa hufungamana na ubao mkuu wala si diski, kwa hiyo hujirudisha yenyewe mashine inapounganishwa na mtandao.

Bisibisi mezani

ThinkPad T480 inafaa kuwa mfano, kwa kuwa iliundwa kwa kufunguliwa. Ina betri mbili, moja ya nje inayochomolewa kwa vidole na nyingine iliyofichwa ndani. Kuchomoa ya nje na chaja hakutoshi, kwani ubao mkuu ungali unapata umeme. Kabla ya kufungua, mashine huwashwa na kubonyezwa F1 ili kuingia kwenye mipangilio ya msingi, kisha katika Config, halafu Power, huchaguliwa amri ya kuizima betri ya ndani. Mashine hujizima papo hapo, na betri hiyo hubaki imelala hadi chaja itakapochomekwa tena. Ni busara ambayo ingefaa kuigwa na watengenezaji wote. Katika mashine zisizo na amri hiyo, hatua ya kwanza baada ya kuinua kifuniko ni kuchomoa kiunganishi cha betri kutoka kwenye ubao, kwa kushika ukingo wa plastiki na wala si kuvuta nyaya.

Betri yenyewe iheshimiwe. Ile ya lithiamu ikitobolewa kwa ncha ya bisibisi huweza kuwaka moto usiozimika kwa urahisi. Ikionekana imefura, kazi ikome hapo na betri ipelekwe kwa fundi. Isibonyezwe ili kifuniko kifunge.

Umemetuli ni adui asiyeonekana. Mtu huanza kuhisi mshtuko wake unapofikia takriban volti 3,000, ilhali chipu huweza kudhurika kwa kiwango cha chini zaidi. Kazi ifanyiwe juu ya meza ya mbao, si juu ya zulia wala kitanda, na mkono uguse chuma kisichopakwa rangi kilichounganishwa na ardhi kabla ya kugusa kipuri. Kadi ya kamera, kama imo, itolewe mapema, maana kifuniko kikivutwa huivunja.

Skrubu za T480 hulegezwa tu bila kutoka kwenye kifuniko, lakini katika mashine nyingi hutoka, na hazilingani urefu. Ndefu ikirudishwa kwenye shimo la fupi hutoboa kilicho upande wa pili. Mchoro wa mashine kwenye karatasi, kila skrubu ikibandikwa mahali pake kwa utepe, huondoa balaa hilo. Kifuniko kisichotoka hakivutwi kwa nguvu: ama kuna skrubu iliyofichwa chini ya mpira wa miguu au kibandiko, ama vishikizo vya ukingoni havijaachia. Kadi kuukuu ya benki, ikipitishwa polepole kuanzia kwenye bawaba, hufanya kazi hiyo bila kuchubua plastiki kama bisibisi ifanyavyo. Simu nayo ipige picha kila kitu kabla ya kuguswa.

Kipande cha kumbukumbu hushikwa na vijikono viwili vya chuma. Vikisukumwa kando, kipande huinuka chenyewe kwa mshazari. Kipya huingizwa kwa mshazari huo huo, mkato ukielekezana na ulimi wa nafasi, kinasukumwa hadi meno ya dhahabu yakaribie kumezwa yote, kisha hulazwa mpaka vijikono vilie “tak”. Kasoro nyingi za mashine kutowaka baada ya kazi hii hutokana na kipande kilicholazwa kabla hakijaingia sawasawa. Diski ya inchi 2.5 hutolewa pamoja na fremu yake, ambayo lazima ihamishiwe kwenye mpya. Anayetaka kuhama kutoka umbo hilo hadi M.2 katika T480 ajue kwamba huhitaji kishikilio chake maalumu, na huenda na waya wake pia. Avinunue kabla ya kufungua.

Mashine ikiwashwa mara ya kwanza, skrini huenda ikabaki nyeusi kwa muda, hata dakika nzima, huku ikijifunza kumbukumbu mpya. Wenye pupa huizima hapo na kuanza kufungua upya. Ikishawaka, mipangilio ya msingi ionyeshe kiasi kamili cha kumbukumbu na jina la diski mpya, kisha jaribio la kumbukumbu la Windows au la MemTest86 liachwe liendeshe usiku kucha. Mwenye Windows ya zamani ya biti 32 asishangae kuona gigabaiti 4 pekee au pungufu. Mfumo huo hauwezi kutumia zaidi ya hapo.

Diski iliyotolewa

Diski ya zamani isiuzwe wala kufutwa juma hilo. Ikae kabatini mwezi mmoja au miwili, kwani daima kuna folda iliyosahaulika. Na nakala za akiba ziendelee hata baada ya SSD kuingia, tena kwa bidii zaidi. Diski ya kuzunguka mara nyingi hufa ikinung’unika, ikimpa mwenyewe siku chache za kujiokoa. SSD huweza kufa ghafla, na faili iliyofutwa humo ni vigumu mno kuirejesha kwa kuwa mfumo huiamuru diski isafishe nafasi hizo mapema.

Wakati wa kuachana na ile ya zamani ukifika, kufuta faili na kumwaga pipa la taka hakutoshi. Programu za kurejesha data huzifufua kwa dakika chache. Kwa biashara, kliniki au shule inayohifadhi habari za watu, hilo si suala la hiari, kwani Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 huwawajibisha wanaozihifadhi. Diski ya kuzunguka iandikwe upya yote, kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa programu ya kufutia. SSD hufutwa kwa amri maalumu inayotolewa na programu ya mtengenezaji wake, maana kuiandika upya hakugusi kila chipu. Iliyokufa kabisa haiwezi kufutwa kwa njia yoyote kati ya hizo, na hapo hubaki nyundo. Sahani za diski nyingi za vipakatalishi ni za kioo, kwa hivyo ifungwe ndani ya kitambaa kizito, na mwenye nyundo avae miwani.